Mwalimu Aliyeigiza Afisa na Mama wa Bitumbula

Wiki iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, kule mtaa wa Golf, televisheni ikaonyesha filamu kuhusu Wayahudi waliojificha Ulaya wakati wa vita. Waigizaji walikuwa hodari, na theluji yao ilikuwa theluji kweli. Lakini, ndugu yangu, mimi sikuwaona wao. Niliona vumbi jekundu la Naviundu, mtaa niliokulia, ambalo mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja tulikubaliana kuliita Poland.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa amesoma riwaya moja juu ya mauaji ya Wayahudi, ikamkosesha raha. Akaigeuza kuwa filamu ya Kiswahili chetu, akaazima kamera kwa mpiga picha za harusi, na kila Jumamosi tukaigiza nyuma ya shule. Mimi nilikuwa binti wa fundi saa. Mama yangu katika filamu alikuwa jirani yetu, mwanamke wa asili ya mkoa wa Kasai aliyekaanga bitumbula, vile vimikate vya duara, mlangoni pake. Harufu ya mafuta yake ndiyo iliyotuamsha alfajiri, na kabla ya masomo nilimchotea maji.

Afisa wa Kinazi alikosekana. Akina baba wote wa mtaa walikataa. Basi mwalimu akalivaa koti mwenyewe, mtu mpole aliyewaomba radhi hata watoto watundu. Alifoka vizuri mno. Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alipomwona, hakuitikia salamu yake kwa wiki mbili. Siku alipokuja kwetu kula, nkambo alimwekea bukari, ugali wetu, bila mboga.

“Ule muntu iko na roho mubaya,” alisema.

Mwalimu akaila kavu, akashukuru.

Jumamosi ya mwisho tulifika kwenye kipande cha stesheni. Kwa mujibu wa riwaya, mama anamkabidhi bintiye kwa mwanamke mgeni, kisha anapanda treni akijifanya hamjui, ili mtoto asichukuliwe. Mwalimu alipofoka tu, jirani akaketi chini, kitambaa cha kichwa mkononi.

“Mwalimu,” alisema polepole, “miye nililala pa gare ya Likasi. Wakati bantu ya Kasai tulifukuzwa kule juu ya kabila. Mwezi muzima, tunangojea train.”

Mwalimu akavua kofia. Alikuwa hajui. “Mama, unisamehe. Hii sehemu tutaitosha mu filamu.”

“Hapana. Tuifanye. Lakini ule mama hatalia.” Akafunua kikapu chake, akatoa kitumbula. “Atamupa mutoto chakula. Kinywa ikijaa, mutoto hataita mama.”

Tukaanza upya. Aliniwekea kitumbula mdomoni, bado kina joto, akanisukumia kwa yule mwanamke, akaenda zake bila kugeuka. Nilitafuna huku machozi yakinitoka, na hakuna aliyekuwa ameniambia nilie. Mwalimu mwenyewe alisahau maneno ya afisa, akaamua kukibakiza kipande kile hivyo hivyo.

Filamu ilionyeshwa mara moja tu, katika ukumbi wa parokia, juu ya shuka. Ilipokwisha, nkambo alikwenda kumsalimu mwalimu kwa mikono yake yote miwili. Jirani hakukaa kusifiwa. Alisema ana unga wa kukanda.

Kaseti ililiwa na ukungu. Mwalimu alihamia Kambove, akazikwa huko. Nyuma ya shule pamejengwa ghala la simenti, na asubuhi za mtaa ule hazinuki tena mafuta ya mtu yeyote. Nimeona waigizaji wengi tangu hapo, wengine wenye sifa dunia nzima, lakini sijamwona aliyemzidi mwanamke yule.

Alifariki nikiwa chuoni. Sikumuuliza kamwe ni mtoto gani ambaye yeye alimjaza kinywa kule Likasi. Nilikuwa mdogo, nilidhani anaigiza tu.