Nilivyomfungisha Manju Wangu kwa Maneno Yake Mwenyewe

Jamani, mkitaka kunicheka nichekeni mpaka mshibe, maana hapa Segese nimeshachekwa na kila mwenye meno, na mama anayeniuzia chapati asubuhi hanisalimii tena, ananiuliza tu, "Leo umesimama upande gani wa jivu?" na mimi nacheka naye, nifanyeje, wakati roho inataka kuingia chini ya meza.

Kwanza mnijue. Mchana nasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, na jukwaani jina langu ni hilohilo, Karasha, nachana hip hop, na mistari yangu yote (na ya kila mchanaji wa ukanda huu, hata wale wanaojifanya wamejifunza kwenye simu) imetoka kwa mtu mmoja, Mzee Luhende. Ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma zetu za Kisukuma, ila huyu tangu ujana wake haimbi, anaongea. Ngoma inapiga taratibu chini, yeye juu anamwaga maneno, anajisifu, anamtania mpinzani, anawasema wenye ng'ombe wengi na mkono mgumu, halafu ananyamaza kidogo, na uwanja mzima unashika pumzi. Hip hop gani tena mnataka? Kanda zake alikuwa nazo babu yangu, nikazikariri zote kabla sijajua kuvaa kandambili.

Sasa tukasikia Mzee anastaafu. Anacheza mara ya mwisho Masumbwe, na mpinzani wake wa siku zote, Manju Kishiwa, na amemwahidi mkewe, Mama Ng'washi, kwamba akishinda tu, ngoma anaitundika ukutani na kukaa nyumbani. Nikachapisha fulana yenye uso wake kifuani, na masharubu yote, nikamwomba rafiki yangu Shija anipeleke kwa pikipiki yake, ile ya kutangazia mnada, yenye spika nyuma. Nilitaka nimpigie Mzee magoti nimwambie shikamoo, na wabeja, asante kwa kunipa mdomo. Hilo tu!

Kwa wasiojua, mashindano yetu hayana majaji wa kuandika alama. Manju wawili wanacheza kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, katikati umechorwa mstari wa jivu, na watu wanaenda wanakopendezwa. Filimbi ikilia hakuna kuvuka tena, wazee wanaangalia upande upi umejaa, huyo ndiye mshindi.

Tulipofika, upande wa Mzee haupitiki. Nikarukaruka, nikaona kofia yake ya manyoya tu. Shija akaegesha ng'ambo ya jivu, upande wa Kishiwa, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi (maskini Kishiwa, siku ile alikuwa anawachezea ndugu zake na watu waliofuata kivuli). Nikapanda juu ya siti. Nikamwona Mzee! Jamani, nikachanganyikiwa kwa furaha, na maiki ya Shija ile pale inaning'inia kwenye usukani, nikajisemea, acha nimwitikie mstari mmoja. Mmoja tu.

"Ng'ombe wangu mmoja anaijua njia ya kwangu! Wewe una zizi zima, hata ndama hakujui sura!"

Spika ya Shija haijui kunong'ona. Watu wa nyuma wakageuka, wakaona kijana juu ya pikipiki, kifuani ana Mzee, anachana maneno ya Mzee, anafuata mdundo wa ngoma ya Mzee, wakapiga kelele, "Rudia!" Nani angekataa, niambieni? Nikarudia, nikaongeza jingine, nikalitia na kasi yangu ya kisasa, akina mama vigelegele, watu wanakuja mbio, vumbi linatimka, na mimi moyoni nasema Karasha umefika, leo umefika, huku Shija ananivuta suruali, nikadhani ananishangilia.

Filimbi ikalia.

"Karasha," Shija akasema, "hebu angalia jivu liko wapi."

Nikaangalia. Jivu liko nyuma ya watu. Umati wote umevuka, uko kwangu, na kwangu ndiko kwa Kishiwa. Gashi, kumbe nimemhamishia mpinzani uwanja mzima! Ng'ambo kule amebaki Mzee na wapiga ngoma wake, Mama Ng'washi, na mbuzi wa mtu.

Nikataka kukimbia, lakini Kishiwa, pande la mtu, akaja anacheza, akaninyanyua kwenye siti, akanipandisha mabegani na kunitembeza uwanjani. "Huyu ni mwanangu!" Na fulana yangu mnaijua. Nikapitishwa mbele ya manju wangu nikiwa mabegani kwa mpinzani wake, uso wake kifuani kwangu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema kutoka huko juu (shikamoo ya kutoka mabegani, mmewahi kuiona wapi?).

Akanitazama weee. "Marahaba."

Niliposhushwa nilipiga magoti vumbini, machozi ya kweli yananitoka. Mzee akainama.

"Nyanda, kijana wangu, maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye kanda za babu, Mzee. Ninayo yote."

"La pili umeliharakisha."

"Nisamehe, Mzee."

"Kama nisingekuwa kazini, na mimi ningevuka jivu nije kusikiliza." Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya uwanjani, "Ila mimi sistaafu nikiwa nimefungwa. Mwakani tunarudi!"

Basi hapo Mama Ng'washi akavua kandambili. "Mwaka mzima tena! Na mahali pa kuitundika nilishapafagia!" Akanikimbiza mpaka ng'ambo ya jivu, na umati wote, kwa kutaka kuona, ukatufuata, upande wa Mzee ukajaa tele, lakini filimbi ilishalia zamani.

Siku hizi kila Jumapili niko kwa Mzee, ananifundisha kunyamaza katikati ya mstari, na Mama Ng'washi ananipa michembe, viazi vyake vya kukausha, bila kunisemesha. Maiki siigusi tena kabla sijaangalia miguu yangu imesimama wapi, naapa. Na hata nikisahau, Mama Ng'washi hasahau: mwakani nitafungwa mguu kwenye ngoma ya Mzee, na kamba yenyewe ameshaisuka, nimeiona, imetundikwa ukutani, palepale palipofagiliwa kwa ajili ya ngoma.