Maswali ya Kumsitiri Mwalimu

Ukutani kwa shule yetu ya Makote pameandikwa kwa rangi ya buluu: KUULIZA SI UJINGA. Rangi imepauka, na sidhani kama kuna mtoto aliyewahi kuyaamini maneno yale. Nilipohamia hapo kutoka kwetu Chiungutwa kufundisha Sayansi darasa la tano, kila kipindi kiliisha hivi: "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" "Kuna swali?" "Hakunaaa!" Kisha nasahihisha mtihani, natamani kulia.

Nikatangaza sheria: kila mtoto aje na swali lake kutoka nyumbani. Habari zikamfikia mwalimu mkuu, mzee wa Newala asiyependa kelele hata za mvua. Akasema Ijumaa atakuja kukaa nyuma ajionee. Akikuta ni fujo tu, ananishusha darasa la kwanza nikaimbishe a, e, i, o, u. Mimi sauti ya kuimba sina, na subira ya kufuta watu makamasi sikupewa. Niliogopa kweli.

Ijumaa mikono ikapanda darasa zima. Moyo ukanitulia.

"Mwalimu, ng'ombe ana miguu mingapi?"

Minne.

"Mwalimu, jua linachomoza upande gani?"

Mashariki.

"Mwalimu, korosho zinatoka kwenye mti gani?"

Mtoto wa Makote huyo, kalazwa chini ya mkorosho tangu ananyonya! Kule nyuma mwalimu mkuu akakohoa.

"Nani kawapa maswali haya?" nikauliza, hasira zimenipanda.

Kiranja akasimama. "Mwalimu, nyumbani wametukanya. Ukimwuliza mkubwa jambo asilolijua, umemvua nguo mbele za watu. Tumechagua unayoyajua."

Kumbe walikuwa wananisitiri! Wazazi walimaliza chakula cha jioni, wakakaa kumtafutia mwalimu swali la saizi yake, wakafika kwenye miguu ya ng'ombe. Sikujua nicheke au nitoke nje.

"Haya," nikasema, "leo nivueni. Niulizeni nisilolijua."

Binti mmoja wa dawati la mbele akainuka, macho chini.

"Mwalimu, samahani sana. Ulisema maji yakichemka vijidudu vinakufa. Vikishakufa vinakwenda wapi?"

Chuoni tulifundishwa kuviua. Habari za mazishi yao hatukufika.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kuliwaza."

"Pole, mwalimu!" likaitikia darasa zima, kwa huzuni ya msibani. Binti mwenyewe alikaribia kulia.

"Msinipe pole. Hilo ndilo swali nililokuwa nalitafuta. Tufikiri wote. Vikifa vinaweza kutembea?"

"Hapanaaa!"

"Sufuria ina mlango wa kutokea?"

"Hainaaa!"

"Basi viko wapi?"

Vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja kuelekea nyuma, na mimi nikafuata macho yao. Mwalimu mkuu alikuwa na chupa yake ya maji ya kuchemsha, ndiyo kwanza anaifikisha mdomoni. Akatuona tunavyomtazama. Akaishusha taratibu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, akaichungulia kwa jicho moja.

Kisha akaiweka chini, akanyoosha mkono juu, akangoja nimruhusu.