Mbuzi wa Kusindikiza

Mbuzi aliyelowa mvua ana harufu isiyotoka upesi puani, na kichwani haitoki kabisa. Juzi ilinikuta tena, hapa hapa Kasongo, nimejikinga mvua barazani kwa fundi wa redio. Pikipiki ilipita ikitoka upande wa Wamaza, nyuma imefungwa mbuzi miguu juu, wamelowa chepechepe, wanalia kama watu. Dereva alipunguza mwendo kwenye dimbwi, ile harufu ikaja moja kwa moja, na nilipojitambua nilikuwa nimesimama katikati ya mvua. Fundi akaniuliza kama yule dereva ni ndugu yangu. Nikamwambia hapana, ni mbuzi tu. Alinitazama vile anavyotazamwa mtu anayeanza kuzeeka vibaya.

Siku hizi mbuzi wanasafiri kwa pikipiki, nami sisemi ni vibaya. Lakini baba yangu aliwapeleka kwa miguu, tangu kijijini kwetu karibu na Wamaza mpaka soko la Kasongo, na kazi hiyo ilikuwa na ujuzi wake. Mbuzi ukimfunga kamba na kumtoa kijijini peke yake, hamfiki mbali. Atajilaza njiani, atajinyonga na kamba, atapiga kelele mpaka wenye mashamba watoke kuuliza umemwiba wapi. Kwa hiyo wachuuzi wa kwetu walikuwa na mbuzi mmoja wa kusindikiza: mzee, mpole, anayeijua njia. Huyo hauzwi. Anatangulia, na wale wanaokwenda kuuzwa wakimwona anatafuna majani bila wasiwasi, wanasema moyoni kumbe hakuna neno, wanamfuata. Sokoni, wakishatulia, unamtoa taratibu kwa pembeni na kurudi naye nyumbani.

Wa baba alikuwa jike mweusi, pembe moja imevunjika, tukimwita Mama Safari. Nilimpenda kupita kiasi. Nilimwona ni mtu mkubwa, maana alikuwa ameiona Kasongo mara nyingi kuliko hata kaka yangu, na mimi sikuwa nimeiona kabisa. Nilikuwa nikimwuliza habari za huko, naye ananitazama kwa yale macho yake ya njano na kuendelea kutafuna.

Rafiki yangu alikuwa Ramazani. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na shamba dogo la mihogo, nasi tulilikata njia kwa kupitapita mpaka mama zetu wakachoka kutukemea. Wao Waislamu, sisi Wakristo, na kwetu sisi wawili jambo hilo lilikuwa na maana moja tu: Noeli tunakula kwetu, Idi tunakula kwao. Ramazani hakuwa msemaji. Mimi nilisema kwa ajili yetu sote, na mama alizoea kuniambia, "Pasikali, mudomo yako itafika Kasongo mbele yako."

Baba yake Ramazani alikuwa akisukuma baiskeli ya mawese, bidoni zimepangwa kila upande mpaka yeye mwenyewe haonekani. Alikuwa rafiki mkubwa wa baba yangu. Walikutana njiani wakawa kama waliozaliwa pamoja. Homa ikamchukua baba yake Ramazani mvua zilipoanza. Matanga yakaisha, zikabaki zile habari za wakubwa zinazosemwa kwa sauti ya chini watoto wakipita. Mimi sikuzijali. Nilichojali ni kwamba kiangazi kilipofika baba alisema safari hii kaka yangu abaki atengeneze paa la nyumba. Mimi na Ramazani ndio tutakaokwenda naye Kasongo kushika kamba za mbuzi.

Nyumbani hakuna aliyepumua tena. Nilizunguka kijiji chote nikiaga hata watu ambao sikuwa na kawaida ya kuwasalimia. Bibi mmoja nilimuaga mpaka akafunga mlango. Ramazani alinifuata nyuma akicheka kimyakimya, kama kawaida yake.

Siku ya kuondoka niliona wivu, nawaambieni ukweli. Mama yangu alinifungia ugali wa muhogo na karanga, basi. Mama yake Ramazani alimchinjia kuku. Alimnyoa kichwa, akamfulia nguo zake zote, akazifunga ndani ya kikwembe chake kizuri, kile cha maua mekundu, pamoja na blanketi. Nikajiuliza mtu anayekwenda sokoni na kurudi anataka blanketi la nini. Nikajijibu mwenyewe kwamba mama yule alimdekeza mwanawe kwa sababu alikuwa amebaki naye mmoja.

Alitusindikiza mpaka kwenye kijito. Pale akamvuta Ramazani pembeni, chini ya migomba, wakaongea. Mimi nilikuwa ng'ambo tayari, nimeshika kamba ya Mama Safari, nawaita wasichelewe. Waliporudi mama yule alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kikwembe alichovaa. Aliingia majini na nguo zake zote, akaja akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, umuchunge ndugu yako." Nikamwambia asiwe na shida, mimi nipo. Ee Mungu wangu, na kweli nilisema hivyo, na kifua mbele.

Tulitembea. Mchana wa siku ile ya kwanza njia ilianza kupanda kilima kimoja chenye udongo mwekundu, jua kali, mbuzi wanahema. Ramazani akaketi chini kando ya njia. Akaweka mzigo wake mapajani na kusema anataka kurudi kwa mama yake. Hakulia. Alisema mara moja tu.

Nilidhani baba atakasirika. Hakukasirika. Alikuja akachuchumaa mbele yake, akamwambia, "Ukisema turudi, tunarudi wote. Miye siwezi kukokota mutoto wa rafiki yangu kama mbuzi." Kisha akainuka, akaenda kusimama na mbuzi mbali kidogo, ametugeuzia mgongo.

Turudi wote! Niliona Kasongo inanitoka mikononi. Nilianza kusema, na nilisema kila kitu nilichowahi kusikia na vingine nilivyovitunga papo hapo. Nikamwambia kuna nyumba za matofali zimejipanga pande zote mbili za barabara, kuna kengele ya misheni inayosikika mpaka porini, kuna kabati linalotengeneza baridi, ukitia maji yanakuwa mawe. Nikamwambia tukirudi kijiji kizima kitakaa chini kitusikilize. Mwisho maneno yaliniishia, machozi yakaanza kunitoka bila ruhusa yangu.

Ramazani alinitazama. Akajifuta vumbi, akainuka, akachukua kamba ya Mama Safari mkononi mwangu na kutangulia. Mimi nikaruka kwa furaha. Nilijisifu njia nzima kwamba kwa ulimi wangu ningeweza kuwa wakili.

Kasongo tuliingia asubuhi. Mji huu wenyeji wa leo wanausema vibaya, umeme hakuna, barabara zimeharibika, na wanasema kweli. Lakini wao hawakuuona kwa macho yale. Niliona mabati yanang'aa kila upande. Niliona watu wanapishana bila kusalimiana, nikadhani wote wamegombana. Kengele ya misheni ililia, adhana ikafuata upande wa pili, na pikipiki zikapita katikati ya zote mbili. Kulikuwa na harufu ya mkate wa moto na ya mafuta ya jenereta, na hadi leo nikisikia harufu ya jenereta nasikia njaa. Nilimshika Ramazani mkono tusipoteane. Yeye alitazama kila kitu polepole, mlango kwa mlango, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo.

Mbuzi waliuzwa. Baba akatununulia sukre moja ya chupa, baridi kweli kweli, ya rangi ya chungwa, tunywe kwa zamu. Nilipokunywa meno yaliuma nikapiga kelele, watu wakacheka. Ramazani aliigusisha shavuni, akaiangalia, akanirudishia. Akasema, "Kunywa weye. Miye nitakunywa siku ingine." Nilimcheka. Siku ingine ipi, na kesho tunaondoka? Nikainywa yote, nikalamba hata shingo ya chupa.

Tulifikia kwa baba mkubwa wa Ramazani, fundi cherehani, mtu mwema mwenye sindano zimechomekwa kwenye kola ya shati. Tulikula wali na samaki. Usingizi ulinichukua kabla hawajamaliza kuongea.

Asubuhi baba alinigusa bega, akaniambia twende tumpeleke Mama Safari malishoni. Ramazani alikuwa amelala kando ya ukuta, blanketi limefika kichwani. Tukapita nyumba za mwisho, na majani mazuri tukayapita. Nikauliza mbona hatusimami. Baba akaongeza mwendo. Nikauliza Ramazani atatukuta wapi. Akasema Ramazani amefika kwao.

Nilisimama. Nikasema sijamuaga.

"Ukimuaga atakufuata," baba alisema, "na weye utamufuata, na miye nitawafuata. Tuende, mwanangu." Sauti yake haikuwa ya kawaida, na uso hakunionyesha.

Nililia mpaka nikachoka, nikageuka nyuma kila hatua hata paliposalia msitu mtupu. Mama Safari hakugeuka. Alitembea kichwa chini, pembe yake moja juu, akichuma hapa na pale. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumchukia.

Pale kwenye kijito mama yake Ramazani alikuwa anatungoja. Aliniuliza neno moja tu, kama mwanawe alilia. Nikamwambia alikuwa amelala. Akashukuru Mungu, akainama kuchota maji. Baada ya muda ndipo nilipoelezwa: watu wa ukoo wa marehemu walimtaka mtoto wao, kama ilivyo desturi yao, na mama yake alikuwa anaolewa huko Salamabila, na mume yule hakutaka mtoto wa mwingine. Alihama kabla ya mvua. Nyumba yao ikaota majani, na ile njia yetu ya katikati ya mihogo ikajifunga yenyewe.

Baba hakunichukua tena Kasongo mpaka nilipoota ndevu. Safari hiyo nilishika kamba mwenyewe. Nilipomtoa Mama Safari, sasa kongwe kabisa, sokoni kwa pembeni, dume mmoja mdogo aligeuza kichwa kumtafuta, akaita mara moja, akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipojua nilipelekwa Kasongo kufanya kazi gani. Niliketi chini kati ya mbuzi na wanunuzi, baba akadhani nimeugua. Nilipoinuka nilikwenda kumtafuta Ramazani, nikakuta yule fundi cherehani amehamia Kindu na watu wake wote.

Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu aliota meno, akatembea, akanizidi urefu. Nilimkasirikia baba kwa miaka, naye alijua, na hakujitetea hata siku moja. Kila nilipokumbuka kile kilima nilitamani ningekuwa bubu. Niliyapanga maneno ya kumwambia Ramazani siku tutakapoonana: kwamba sikujua, kwamba mimi pia nilifungwa kamba.

Alikuja kwenye matanga ya baba. Alitoka Kindu, njia ile mbaya yote, mavazi yamejaa vumbi, naye fundi cherehani sasa, sindano kwenye kola. Tulishikana mikono hatukuachiana. Tukaenda kukaa palipokuwa shamba la mihogo, watu wakipita na viti na masufuria, nikamwambia yale maneno yangu yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama zamani. Kisha akasema, "Pasikali, miye nilijua. Mama aliniambia palepale kwenye kijito. Na asubuhi ile sikuwa nimelala."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini aliinuka pale kilimani akaendelea na safari. Baba alimwambia waziwazi. Angesema neno moja tu, tungerudi wote, na labda mama yake angemshikilia.

Akatazama mikono yake.

"Ulikuwa umeanza kulia," akasema. "Ulitaka sana kuiona Kasongo."

Kumbe si mdomo wangu uliotufikisha Kasongo. Miaka ile yote nilijihesabu kuwa mimi ndiye Mama Safari, na nikajipa hata huruma kwa hilo. Lakini mbuzi yule mdogo wa sokoni hakujua anakokwenda. Ramazani alijua, akashika kamba mwenyewe, akatangulia, ili mimi niione barabara yenye nyumba pande mbili na ninywe sukre ya baridi.

Siku hizi naishi kwenye mji huo huo. Yeye yuko mbali, mara moja moja ananipigia simu, anauliza kama Kasongo bado ni nzuri. Namwambia ni nzuri.