Mpira wa Adui

Daktari alisema zimebaki siku, si wiki. Kaz Dudek, fundi wa lifti mwenye miaka hamsini na minne, aliyapokea maneno hayo kuhusu baba yake kofia ikiwa mkononi, na jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa ratiba ya besiboli. Msimu ulikuwa umebakiza mechi moja tu ya nyumbani, Jumapili mchana, dhidi ya St. Louis.

Usimcheke. Baba yake, mzee Bernard, alikuwa amekalia mabenchi ya nyuma ya uwanja ule wa Chicago kwa miaka sitini, baridi ya Aprili na jua la Julai, glavu ya ngozi mapajani, akingoja mpira uliopigwa ukavuka ukuta umjie, kwani anayeudaka huwa wake. Haukumjia hata mmoja. Uliwaendea walevi, uliwaendea wageni waliokuwa wakitazama simu zao, ukampita yeye. Sasa alikuwa amelala nyumbani kando ya dirisha, macho yamefifia, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: kabla hajaenda, ashike mpira uliotoka mchezoni. Si wa dukani. "Wa dukani hata mbwa wa jirani anao," alisema.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kaz aliinama kiangazi kizima. Alikwenda mechi kumi na nane na glavu ya mzee, akarudi mikono mitupu. Kila aliporudi mzee aliuliza swali lilelile, akajibiwa vilevile, akageukia ukutani.

Jumapili ile alikaa mahali pa baba yake, ubavuni mwa Verna, mstaafu wa posta aliyekuwa jirani wa mzee kwenye benchi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Anaendeleaje huyo mkorofi?" Verna aliuliza.

"Anangoja mpira."

"Basi omba aupige mtu wa kwetu. Unamjua yule."

Kaz alimjua. Kwenye mabenchi yale mpira wa adui hauendi nyumbani na mtu. Adui akiupiga ukavuka ukuta, aliyeudaka huurusha uwanjani watu wote wakimtazama. Hakuna aliyelishika sharti hilo kama mzee Bernard. Aliwahi kumnunia shemeji yake miaka minne kwa sababu ya mpira mmoja uliofichwa ndani ya koti.

Mechi ikaenda. Raundi ya tano kavu, hakuna mpira uliovuka ukuta, ya sita kavu, ya saba vilevile. Kaz akaanza kusali, yeye ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu mama yake alipozikwa. Alisali vibaya, kwa kufoka, kama mtu anayegombana na karani. Raundi ya nane mpigaji wa St. Louis akaukung'uta mpira, ukapanda, ukakaa angani kitambo, kisha ukaanza kumshukia Kaz moja kwa moja. Hakuhitaji hata kusimama. Ukaingia kwenye glavu kwa kishindo.

Bado alikuwa anatabasamu walipoanza.

"Urudishe! Urudishe!"

Kwanza walikuwa kumi, kisha jukwaa zima. Kaz aliukumbatia mpira kifuani.

"Utupe, Kaz," Verna alisema.

"Siwezi."

"Baba yako angeutupa kabla haujapoa."

"Baba anakufa, Verna."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia usimwaibishe."

Akautia mfukoni. Bia ya kwanza ilimpiga shingoni, ya pili ikamwagika kifuani, na sauti moja ikamshauri ahamie St. Louis, huko ndiko kwa mama yake. Verna hakummwagia kitu. Alihamisha mkoba wake upande wa pili, akamgeuzia mgongo, na hilo lilimuumiza Kaz kuliko bia yote.

Kwenye treni alitunga uongo. Mpira ni wa kwetu, wa raundi ya pili, aliupiga yule kijana mpya. Aliukariri mpaka mlangoni.

Alikuwa amesahau redio. Ilikuwa inaongea juu ya mto wa mzee.

"Umesikia?" mzee alisema, kwa sauti nyembamba. "Kuna mbwa mmoja kautia mfukoni mpira wa adui. Mtangazaji kamsema mpaka nikamwonea huruma mamake."

Uongo wote wa kwenye treni ukawa hauna kazi tena.

"Nimesikia, Baba."

"Ulimwona?"

"Kwa mbali."

"Na wewe, umepata?"

"Sikupata, Baba."

Mzee akageukia ukutani. Kaz akaketi kitandani akamshika mkono, na moyo ukamvunjika kabisa. Mpira ulikuwa mfukoni mwake, shubiri moja tu kutoka kwenye mkono ulioungoja miaka sitini, na hakuwa na njia ya kuutoa.

Pua ya mzee ikacheza.

"Unanuka bia, Kazimierz," alisema, akimwita kwa jina lake kamili.

Kaz akajifuta shingo kwa kiganja.

"Na wewe hunywi bia." Mzee akageuka taratibu, akafungua kiganja. "Ulete."

Aliupokea kwa mikono miwili. Vidole vyake vikafuata mshono mwekundu kuzunguka, vikarudi, vikazunguka tena. Akaunusa. Uso wake ukalegea, na kwa kitambo hicho Kaz alidhani amesamehewa.

"Dirisha liko wazi?"

"Liko wazi, Baba."

"Basi nishike kiwiko."

"Baba, kaa nao kidogo tu. Nakuomba."

"Nimekaa nao. Nishike kiwiko."

Kaz akamwinua mkono, ulikuwa mwepesi kama mpini wa ufagio. Mzee akavuta pumzi, akarusha. Mpira ukaangukia blanketi, ukateleza sakafuni, ukabingirika mvunguni.

"Umefika?"

Kaz alitazama dirisha. Pazia halikuwa limetikisika.

"Umefika katikati ya uwanja, Baba. Watu wote wamesimama."

"Mwambie Verna," mzee alisema. Akafumba macho, na juu ya blanketi vidole vyake vikaendelea kuuzungusha mpira ambao haukuwapo tena.