Kuketi Kimya Nyuma ya Shemeji

Siku hizo nilikuwa situlii. Niliishi Awendo, kwenye chumba kinachotazama barabara ya malori ya miwa, nikiandika programu ndogo ya kuwasaidia waundaji wengine wa programu kuweka maandishi chini ya video. Kiwango rasmi cha kazi hiyo ni waraka mrefu, mgumu. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja, nasimama, nazunguka meza, narudi kwenye ukurasa uleule. Nilitaka wenzangu wasiusome kabisa. Waandike mistari michache, mambo yaishe.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka yangu, ambaye naye ni muundaji wa programu huko Homa Bay. Alikuwa anatengeneza masomo ya video kwa shule ya watoto viziwi: mwalimu anaonyesha ishara, neno lake linatokea chini kwa Dholuo na kwa Kiswahili. Alikubali kwa sharti kwamba niketi nyuma yake na nisiseme kitu.

Akafungua programu yangu. Swali la kwanza ililomuuliza ni wakati uhesabiwe kwa saa ipi ya video. Akachagua jibu moja, maneno yakatokea wakati mwalimu ameshashusha mikono. Akachagua lingine, yakatoweka kabisa. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Alisikia hatua zangu akaniambia niketi. Nikaketi, lakini mguu ukaendelea kutikisika chini ya kiti.

Mwishowe akageuka. "Kwani ndani ya video moja kuna saa za aina ngapi?"

Nikaeleza kirefu: video ikikatwa mwanzoni, inaweza kubaki na hesabu yake ya zamani, ndiyo maana maneno yanachelewa. Nikaongeza kwamba majina ya saa hizo si yangu, wataalamu walioandika ule waraka walikaa wakakubaliana.

"Wao walikubaliana, sawa," akasema. "Mimi nataka tu mtoto aone neno mwalimu akionyesha ishara. Hiyo ya kukatwa, si programu yako inaweza kujiangalia yenyewe?"

Nilikasirika. Nikasema kuna hali nyingi ambazo mtu lazima achague mwenyewe. Akamimina chai, akaniomba nimtajie moja inayomhusu. Nilitafuta mpaka chai ikapoa, sikuipata.

Nikarudi Awendo nikaliondoa swali lile. Programu ikawa inakagua yenyewe video inaanzia wapi. Ilinichukua wiki nyingi, kwa sababu kila nilipoficha ugumu mmoja nilikuta mwingine chini yake, na kila lori lililopita lilinipa kisingizio cha kwenda dirishani. Shemeji alipojaribu tena, maneno yalifika pamoja na mikono ya mwalimu. Hakuniuliza lolote. Alicheka kidogo, akaendelea na somo la pili.

Akawapa programu hiyo wenzake wa Kosele na Migori. Nikasubiri maswali, hayakuja. Baada ya muda ukimya ule ulinisumbua kuliko malalamiko, nikampigia simu kumuuliza ni nini kimeharibika.

"Hakuna kilichoharibika, shemeji," akasema. "Watu wako kazini."

Nilimshukuru, nikakata simu. Kisha nikafungua sura ya sauti katika ule waraka mrefu, ambayo nilikuwa sijaigusa, na kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza nilikuwa nimesimama tena.