Mkono wa Mwenye Duka

Juzi, nikirudi kutoka kumzika dada yangu, nilisikia harufu ya udi kwenye duka moja pale Katesh. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Dongobesh, enzi za Waingereza.

Mama alikuwa amefariki, na kwa desturi yetu Wairaqw, waliofiwa walikaa mbali na watu. Miezi ilipita bila mtu kunishika mkono. Nilipotumwa chumvi, nilisimama nje ya duka.

"Mbona husogei, binti?" aliuliza Jivan, Mhindi mwenye duka.

"Shikamoo, bwana. Tumefiwa."

Alikuwa amewasha udi, akiivika maua picha ya mtu mwenye taji. Nikamuuliza ni nani.

"Mfalme wetu wa kule Gujarati. Amekufa. Ukoo wake ukanyang'anywa kiti, vikabaki visima alivyochimba. Watu bado wanakunywa."

Nilidhani amekufa wiki ile. Kumbe naye kafiwa kama mimi! Niliingia, nikamshika mkono.

"Pole sana, bwana."

Sasa najua mfalme yule alikufa karne nyingi kabla yetu. Jivan alitazama picha, akanitazama mimi.

"Asante, mwanangu," alisema, akauacha mkono wake mkononi mwangu mpaka nilipouachia mwenyewe.