Kabati Ndani ya Kabati

Ofisi ya kuandikisha vizazi ina watumishi tisa siku hizi, na wanane kati yao hawajui kuwa faili likichomekwa pasipo pake ni msiba. Wa tisa ni karani wa masjala, mama mfupi tunayemwita Bi Kamba tangu ujana wake, kwa kuwa hakuna karatasi aliyoiona ikizagaa asiifunge. Mimi nilikuwa tarishi pale miaka thelathini na mmoja. Kusoma nilijifunzia kwenye bahasha nilizobeba. Nimestaafu, ila benchi la nje bado linanijua.

Bi Kamba ana mazoea ambayo wenzake huyacheka: kabati jipya likiingia, siku ileile analifungulia daftari. Nini kimeingia, nini kimetoka, saa ngapi. Basi Jumatatu moja fundi wa kompyuta alipoleta diski mpya, akijigamba kwamba ni ghala lisilojaa, Bi Kamba alitoa daftari akalipiga mistari kwa rula.

"Mama, hii haihitaji daftari. Inajihesabu yenyewe."

"Na fisi naye tumwachie ajihesabie nyama?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Yeye akaandika nafasi iliyobaki saa mbili asubuhi, akaendelea kuandika kila saa, siku zote zilizofuata.

Alhamisi mchana ghala lisilojaa likatoa onyo: nafasi inakaribia kwisha. Fundi akasema labda ni kirusi. Wakafuta picha zao za harusi na nyimbo zao, zikapatikana giga mbili. Hapo mkuu wa ofisi akatoa amri: kesho saa nne, picha za rejista za zamani zifutwe zote.

Vitabu vyenyewe vya rejista hizo vililiwa na mchwa. Bi Kamba aliwahi kuvipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, miaka miwili mizima. Mtu wa rika langu akitaka kuthibitisha kwamba alizaliwa, hana shahidi mwingine. Nami nimo humo, ukurasa wa arobaini, kwa mwandiko mbaya.

"Nani anaulizia watu wa zamani?" mkuu alisema, nami nimekaa hatua tatu kutoka mlangoni pake. Enzi zetu mkubwa alikuwa anafunga mlango kwanza ndipo anakutukana.

Ijumaa asubuhi Bi Kamba akaja kwenye benchi na daftari lake.

"Mzee, nisomee hizi tarakimu. Miwani yangu imegoma."

Nikamsomea. Kila siku nafasi ilitulia tangu asubuhi, kisha ikaporomoka baada ya saa nne, ikatulia tena. Jumatatu zilitoweka giga kumi. Jumanne, ishirini. Jumatano, arobaini. Alhamisi, themanini.

"Picha zangu zote ni giga sita," akasema. "Mwizi kapita na ng'ombe, wao wananipekua kuku. Saa nne ni saa ya chai. Nani hufanya kazi saa ya chai?"

"Katika ofisi hii? Hata saa nyingine sina hakika."

Akanyanyuka, nikamfuata. Fundi alikuwa ameinamia mashine, shati limemganda mgongoni.

"Mwanangu, saa ya chai nini kinafanya kazi humu?"

"Hakuna, mama. Labda nakala tu. Niliipanga inakili kila kitu wakati huo, watu wakiwa wameinuka."

"Inaiweka wapi hiyo nakala?"

"Humuhumu, kwenye folda kuu."

"Folda ileile inayonakiliwa?"

Fundi akaifungua folda hiyo, akahesabu ndani yake nakala nne.

"Kwa hiyo Jumanne ilinakili vitu vyetu pamoja na nakala ya Jumatatu," Bi Kamba akasema taratibu, kama anayemfungulia mtoto kifungo. "Jumatano ikanakili vitu, na nakala, na nakala ya nakala. Umetia kabati ndani ya kabati, baba. Nakala hukaa chumba kingine. Usione haya, hata huyu tarishi aliwahi kunichomekea nakala kwenye faili la asili, tukawa tunanakili barua moja mwezi mzima. Muulize alifagia ua siku ngapi."

Sikuulizwa. Zilikuwa nne.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi mkuu alipotokea na amri yake mkononi, imetiwa saini na muhuri. Fundi hakumtazama. Alisimamisha nakala, akafuta folda za siku nne, moja baada ya nyingine, na nafasi ikarudi pale ilipokuwa Jumatatu asubuhi, pamoja na zile giga mbili za harusi na nyimbo. Nikamsomea Bi Kamba kioo cha mashine na daftari, akalinganisha, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi," mkuu akasema, akikohoa pasipo kikohozi, "hiyo karatasi ichaneni."

"Haichanwi, bosi. Ina saini yako."

Bi Kamba akaichukua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaitoboa matundu na kuifunga kwenye faili lake. Pembeni akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri, ambao siku hizi haufundishwi popote: *Haikutekelezwa. Itunzwe.*

Kisha akamwomba fundi aitolee nakala, ikae chumba kingine.